Mwanao Amekojoa Saa Ngapi?



Mama zangu, dada zangu na wazazi wenzangu, makala ya juma hili naianzia safarini, kwa kuwa somo lenyewe nililipata safarini, na aliyenisomesha hakuwa mwanachuoni wala daktari. Alikuwa mama wa makamo auzaye machungwa na maji ya chupa kando ya barabara kuu, pale Mtito Andei.

Wengi wetu twaijua Mtito Andei kwa kupita tu. Ni mji wa Kaunti ya Makueni, takriban katikati ya Nairobi na Mombasa, mlangoni mwa mbuga ya Tsavo Magharibi. Basi husimama, abiria wakajinyoosha, mwenye kuswali akaswali, watoto wakanunuliwa biskuti, kisha safari ikaendelea. Nchi yake ni kavu na jua lake ni kali. Mwanamke wa huko ukimwambia kuwa maji ni uhai humwambii jipya, maana ndiye ayafuataye mbali na punda wake na mitungi yake ya manjano. Wala tusisahau, sisi wa pwani, kuwa sehemu ya maji tunywayo Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga hiyo hiyo ya Tsavo Magharibi.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi na joto lake. Nilikuwa nikitoka Nairobi kwa basi la asubuhi, na jioni ile nilikuwa na ahadi ya kuozesha Mombasa baada ya swala ya Isha. Kiti cha mbele yangu alikaa mama kijana aliyempakata mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kutoka Nairobi hadi Emali mtoto alilia. Baada ya Emali akanyamaza, na sote mle ndani tukashukuru kimya kile. Laiti tungalijua maana yake.

Tulipofika Mtito Andei yule mama alinigeukia. "Sheikh, mwanangu ana tumbo tangu juzi, ahara na kutapika. Nisomee japo Fatiha." Nikaweka mkono juu ya paji la uso wa mtoto, nikasoma nilichojaaliwa, nikamwambia mama yake kuwa Mwenyezi Mungu atamponya, inshallah. Kisha nikashuka kutafuta mahali pa kutawadha.

Niliporudi nilimkuta mama mchuuzi amesimama chini ya dirisha la basi, beseni la machungwa kichwani. Hakuwa akiuza. Alikuwa amemkazia macho yule mtoto.

"Mama, mwanao amekojoa saa ngapi?" akauliza.

Mama kijana akafikiri. "Nepi nimembadilisha alfajiri."

"Na tangu alfajiri?"

Akaipapasa nepi. Ilikuwa kavu kama ilivyotoka dukani.

"Umempa maji?"

Akainamisha kichwa. "Nimemnyima. Kila akinywa ahara, na mimi naogopa asije akachafua kiti cha watu."

Mama mchuuzi akapanda ndani ya basi. Akaifinya taratibu ngozi ya tumbo la mtoto, akaiachia. Nayo ikabaki imeinuka kitambo kabla ya kurudi. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na alipolia kwa kufinywa, machozi hayakutoka. "Shuka," akamwambia mama yake. "Hivi alivyo huyu, Mombasa hafiki. Zahanati si mbali, nitakupeleka mimi."

Na mimi nilifanya nini? Niseme kweli, maana makala haya hayatakuwa na faida ikiwa mwandishi wake atajificha. Nilitazama saa. Niliwaza maharusi na wazee wanaoningoja. Nikampa mama kijana fedha kidogo na namba yangu ya simu, nikarudi kwenye kiti changu. Mama mchuuzi, asiyemjua kwa nasaba wala kwa dini, alimwachia jirani yake beseni la machungwa, akamtwika begani mkoba wa mgeni, la, akautwaa begani mwake mwenyewe, akaenda naye.

Usiku ule nilipata habari kuwa mtoto ametiwa maji ya mshipa na kupelekwa hospitali kubwa zaidi, na kwamba daktari amesema figo zake zimeanza kushindwa kazi. Alfajiri ya siku ya pili simu yangu ililia. Alikuwa mama yake, naye akilia. Moyo ulinipasuka. Nikamwuliza kulikoni, akasema, "Sheikh, amekojoa!" Sijapata kusikia neno hilo likitamkwa kwa furaha namna ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza madaktari na wauguzi wa jamaa zetu, na nikisoma, ili nielewe jambo moja: mtoto aliugua tumbo, iweje figo ndizo zikaribie kumwua?

Figo na maji ya mwili

Mwenyezi Mungu amemjaalia kila mmoja wetu figo mbili, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo usiku na mchana. Uchafu hutolewa, chumvi husawazishwa, na ziada ya maji hutoka kama mkojo. Kiasi cha moja ya tano ya damu isukumwayo na moyo huelekea kwenye figo. Ndiyo maana damu ikipungua maji, figo huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuteseka.

Magonjwa mengi ya kuhara kwa watoto wachanga huletwa na virusi, na mashuhuri miongoni mwao ni virusi vya rota, vilivyogunduliwa mwaka 1973 mjini Melbourne, Australia, na Ruth Bishop pamoja na wenzake. Virusi hivi haviendi kuila figo. Hushambulia utumbo, na utumbo hushindwa kufyonza maji. Mtoto hutapika na kuhara, na maji ya mwili wake hutoka upesi kuliko aingizavyo. Mwili wa mtoto ni mdogo na akiba yake ya maji ni ndogo. Apotezacho kwa siku moja kwaweza kuwa sehemu kubwa ya alicho nacho.

Hapo figo hufanya kazi yake kwa uaminifu: huyazuia maji yaliyobaki. Mkojo hupungua, ukawa wa manjano iliyokoza, kisha ukakatika. Mtoto akipewa maji mapema, figo hurejea hali yake kama taa iliyotiwa mafuta. Akicheleweshwa, chembechembe za ndani ya figo hukosa damu na kuanza kufa, sumu hujaa mwilini, na chumvi ya potasiamu hupanda hadi kuuhatarisha moyo. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili, kwa mtoto mchanga katika joto la kaskazi, si safari ya majuma. Ni safari ya saa.

Makosa tufanyayo kwa mapenzi

La kwanza ni lile la mama kijana, na wengi wamelirithi kwa bibi zao: kumnyima maji anayehara ili tumbo lifunge. Tumbo halifungi kwa kiu. Yatokayo yatatoka tu. Kinachobadilika ni kwamba hayarudishwi.

La pili latuhusu sisi wasomaji. Mama huja na mtoto aombewe dua au aandikiwe kombe, nasi husoma, tukamwaga akaenda zake akidhani tiba imekamilika. Sisemi dua iachwe; mimi mwenyewe sitaiacha. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na dua haikuwekwa iwe kisingizio cha kukaa. Tangu safari ile, mtoto mgonjwa akiletwa kwangu, swali langu la kwanza ni lile la mama wa machungwa. Jibu lisiponiridhisha, namsomea huku tukielekea hospitali.

La tatu ni dawa za maumivu. Mtoto ana homa, na dukani twanunua dawa ya maji yoyote tuliyoizoea. Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake hupunguza damu iendayo kwenye figo; kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji, dawa hizo zaweza kuzisukuma figo zilizokuwa ukingoni. Asipirini nayo asipewe mtoto mwenye homa ya virusi. Parasetamoli, kwa kipimo kilingane na uzito wake, ndiyo iliyo salama zaidi.

La nne ni dawa za kukatisha kuhara zilizotengenezwa kwa watu wazima, na miti shamba isiyojulikana kipimo chake. Mtoto mdogo asipewe. Na soda, au maji ya matunda yenye sukari nyingi, huzidisha kuhara badala ya kutibu.

La kufanya nyumbani

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Maji ya mshipa yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi kwa mdomo, na waliowanywesha walikuwa ndugu na mama zao. Vifo vilipungua kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa mia hadi chini ya 4. Mchanganyiko huo ndio tuuitao leo ORS, na bei ya pakiti yake haizidi uwezo wa nyumba nyingi.

Basi mtoto akianza kuhara, mama afanye haya:

Mosi, anyonyeshwe zaidi ya kawaida. Mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya tu asikatishwe ziwa hata kidogo.

Pili, ichanganywe ORS kwa maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita nzima. Kila baada ya choo cha maji, aliye chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Aliyezidi hapo, nusu hadi kikombe kizima. Apewe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, mngoje dakika kumi, kisha uanze tena polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Tatu, ikiwa pakiti haipatikani, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, kwani ikizidi yaweza kumdhuru mtoto. Mchanganyiko huu ni wa kumsogeza mtoto hadi ORS ipatikane, si wa kukaa nao siku tatu.

Nne, apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, na 20 kwa aliyezidi umri huo hadi miaka mitano. Huzipata zahanati, aghalabu pamoja na ORS.

Tano, aendelee kula. Uji, wali laini, ndizi: hakuna haja ya kumfungisha mtoto ambaye sheria haikumtaka afunge.

Sita, hesabu mkojo. Andika, au mwambie dada yake mkubwa akukumbushe, saa aliyolowesha nepi mara ya mwisho.

Si tumbo peke yake

Isidhaniwe kuwa hatari hii huja kwa njia ya kuhara tu. Wako watoto ambao, baada ya mafua ya kawaida, huamka asubuhi uso umevimba, hasa kando ya macho. Jirani husema amenenepa, mwingine husema ni jicho la husuda. Mkojo wao huwa na povu lisilopotea. Huo ni ugonjwa ambapo vichujio vya figo huvujisha protini, na mtoto aliyewahi kuugua huweza kurudiwa kila apatapo virusi vya mafua. Hutibika, mara nyingi kwa vidonge atumiavyo chini ya uangalizi wa daktari, na kadiri utakavyowahi ndivyo itakavyokuwa afadhali. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B navyo vyaweza kuzidhuru figo za mtoto, na hii ni sababu mojawapo ya mama mjamzito kupimwa mapema bila kuona haya.

Kuna pia maumivu ya koo, na vidonda vya ngozi vinavyotoa usaha. Vikiletwa na bakteria, mwisho wake huweza kuwa huo huo: wiki moja hadi tatu baadaye, koo likiwa limekwisha kupona na kusahauliwa, mkojo wa mtoto hugeuka rangi ya chai ya mkandaa, uso ukavimba, shinikizo la damu likapanda. Kwa hivyo walimu wa madrasa wenzangu, mtoto akija chuoni na vidonda miguuni, tusimfukuzie nzi tu. Tumwite mzazi wake.

Na wakati mwingine si ugonjwa uliomwumiza mtoto, ni dawa. Mwaka 2022 nchini Gambia, nchi ya ndugu zetu Waislamu wa Afrika Magharibi, watoto wasiopungua 66 walikufa figo zikiwa zimeshindwa.  Mwezi wa Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa nne za maji zilizotoka India, zilizokutwa na kemikali za sumu zisizostahili kuingia kinywani mwa mwanadamu. Mafua mengi ya mtoto huondoka yenyewe. Dawa ikihitajika, inunuliwe duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, si kwenye meza ya sokoni wala mkobani mwa mchuuzi wa kituo cha basi.

Usingoje kukuche

Mpeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo uonapo mojawapo ya haya: mtoto mchanga aliyemaliza muda wa saa 6 bila kukojoa, au mkubwa wake saa 8; macho yaliyodidimia au kulia bila machozi; utosi uliobonyea; usingizi usio wa kawaida au kulegea; kutapika kila anywacho; damu katika choo; mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa; uso au miguu iliyovimba; kupumua kwa kasi au kupata kifafa.

Usiombe ruhusa ndefu. Nawaambia akina baba wenzangu: mke asingojee simu yako ipokewe ndipo amwokoe mwanao. Mwachie nauli nyumbani na mwachie idhini. Na mkiwa safarini, shukeni. Tiketi ya basi hununuliwa tena.

Figo zikiwa zimekwisha kushindwa, bado ipo njia kwa rehema za Mola. Watoto wengine husafishwa damu kwa muda kwa kutiwa maji maalumu tumboni, yakavuta sumu, kisha yakatolewa. Hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, kwa jirani zetu Tanzania, ni miongoni mwa zilizotumia njia hii. Wengi figo zao hurejea. Lakini ni huduma isiyopatikana kila mji, na kijiko cha ORS ni rahisi kuliko safari hiyo. Mtoto akishapona, arudishwe kupimwa mkojo na shinikizo la damu kwa muda atakaoambiwa na daktari, hata akionekana mzima.

Bora zaidi ni kuzuia. Mwezi wa Julai 2014 Kenya iliingiza chanjo ya virusi vya rota katika chanjo za watoto. Ni matone ya mdomoni, na huanza mtoto akiwa na wiki sita. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi, hapa hapa pwani, waliona watoto wanaolazwa kwa virusi hivyo wakipungua sana baada ya chanjo hiyo. Tazama kijitabu cha kliniki cha mwanao usiku wa leo. Na dini yetu, iliyotufundisha kujitoharisha mara tano kwa siku, haikutuacha bila silaha: mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto, na maji ya kunywa yachemshwe.

Nilirudi Mtito Andei

Miezi kadhaa baadaye nilipanda treni Mombasa, nikashuka Mtito Andei kwa makusudi. Nilimkuta mama yule palepale, na beseni lake. Nilimwomba radhi kwa kumwachia mzigo ambao ulikuwa wangu. Akacheka. Nikamwuliza alijifunzia wapi swali lile.

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa na msichana, mwaka wa ukame," akasema. "Alihara siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza, nikafurahi, nikasema amepona. Hospitalini waliniuliza amekojoa saa ngapi, na sikuwa na jibu. Tangu hapo naangalia watoto wa watu kwenye mabasi."

Nilinunua machungwa yake yote. Sikujua la kufanya zaidi.

Ewe mama usomaye haya, hukupoteza mtoto ndipo ujifunze swali hilo. Mwenzio amelipa kwa niaba yako. Lichukue, uwafundishe binti zako na mayaya wa nyumba yako, na ukimwona mtoto wa mtu amelegea mapajani mwa mama yake, uliza, wala usiseme si wako.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awaponye wagonjwa wao, amlipe mema mama yule wa Mtito Andei, na atusamehe sisi tuliotazama saa. Amin.

Wabillahi tawfiq.